Bega la Mama, Sindano ya Shaabani



Akina mama na dada zetu wasomaji, katika nyumba zetu za Pwani yako maradhi yanayotajwa kwa sauti na yako yanayofichwa. Presha hutajwa. Sukari nayo siku hizi hutajwa, hata hufanyiwa mzaha pale sinia ya kaimati ipitapo. Lakini bega linalouma halitajwi. Mwanamke mwenye bega linalouma husema amelilalia vibaya, hujipaka mafuta, kisha huendelea kukuna nazi. Miezi sita ikapita mkono hauinuki, naye bado husema amelilalia vibaya. Twaandika haya sisi mabinti watatu na mke wa kaka yetu, kwa idhini ya mama yetu, aliyekubali kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Ingawa, kama alivyosema mwenyewe, watu wa mtaani watamjua tu.

Watamjua kwa kazi yake. Kwa zaidi ya miaka 20 Mama amekuwa mwoshaji wa maiti za kike katika mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mlango ukibishwa usiku wa manane na sauti ikasema, "Bi Mkubwa, tumefikwa," yeye huwa tayari ameshika buibui lake. Ni kazi isiyo na mshahara, na wanaoijua wanapungua. Katika mtaa wetu walikuwa wamebaki wawili, Mama na bibi mmoja ambaye macho yake yamekwisha. Na ni kazi itakayo mikono miwili. Maiti huinuliwa kwa upole, hulazwa ubavu wa kushoto ili uoshwe upande wa kulia wa mgongo, kisha hugeuzwa. Hairuhusiwi kuvutwa wala kuangushwa. Asiyekuwa na nguvu ya bega hawezi kumgeuza mtu mzima kwa heshima anayostahiki.

Tulilijua bega lake kwa ishara ndogo ndogo. Katika takbira ya kuhirimia mkono wa kushoto ulifika sikioni, wa kulia ukasimama kifuani. Leso alianza kuifunga kwa mbele. Mjukuu wake wa miaka sita akawa ndiye wa kumtelemshia kopo la chai. Lakini lililotutoa shaka ni siku alipobishiwa mlango akajibu ana mafua, akarudi kulala. Mama hakuwahi kuikataa maiti kwa mafua. Asubuhi tulimkalisha, tukamwomba ainue mikono yote miwili mbele yetu. Akainua mmoja, akatabasamu, kisha machozi yakamtoka.

Alikuwa amekwisha kandwa mara tatu kwa mafuta ya nyonyo, kwa siri, na kila akikandwa usiku wake ulizidi kuwa mrefu. Hatuidharau tiba ya kukanda. Wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini bega la namna hii, likiwa bado liko katika moto wake, hulipiza kila linapolazimishwa.

Kliniki ya kwanza tuliyompeleka hatutaitaja. Mhudumu alisikia neno "bega", akaanza kuitayarisha sindano kabla Mama hajakaa vizuri kitini. Mke wa kaka yetu akamwuliza, "Samahani, ana sukari. Dawa hii haitaipandisha?" Jibu likawa kwamba sindano ni ya bega, si ya sukari. Tukashukuru, tukamshika Mama mkono wake mzima, tukaondoka.

Daktari wa mifupa tuliyempata baadaye alianza kwa mikono yake. Alimwambia Mama aulegeze mkono kabisa, kisha akajaribu kuuinua yeye. Haukuinuka. Akajaribu kuuzungusha kwa nje, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni. Ukakwama kama mlango wa mbao uliovimba kwa masika. Akatueleza kwamba mgonjwa akishindwa kuinua mkono mwenyewe lakini mwingine akaweza kumwinulia, aghalabu tatizo liko katika kano za misuli. Unapokataa kote kuwili, kiungo chenyewe ndicho kilichoganda. Eksirei ilipigwa ili kuhakikisha kwamba mfupa haukulika wala kuvunjika.

Kiungo cha bega kimevishwa mfuko wa utando laini na mpana, ndiyo maana mkono huzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Katika maradhi haya mfuko huo huvimba, kisha huwa mnene na kusinyaa, mfano wa nguo ya pamba iliyotiwa katika maji ya moto. Mwaka 1934 tabibu wa Boston, Ernest Codman, ndiye aliyeyaita maradhi haya bega lililoganda, naye alikiri kwamba ni magumu kuyaeleza na magumu kuyatibu. Huanza kwa maumivu, hasa ya usiku. Kisha maumivu hupungua na ugumu ukatawala. Kisha bega huanza kulegea kidogo kidogo. Safari yote huchukua kati ya mwaka mmoja na mitatu. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Mama ana miaka 57, na sukari anaishi nayo mwaka wa 11.

"Mwanangu," Mama akamwuliza daktari, "hii sindano itanirejeshea mkono wangu?"

"Mama, sindano haitaurejesha," akajibu. "Itakupunguzia maumivu kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo, wewe ndiwe utakayeurejesha."

Maneno hayo tuliyashika kuliko yote aliyoyasema siku ile, kwani watu wengi huenda kudungwa wakidhani wamekwenda kuponywa. Maumivu yakipungua hurudi kwenye mbuzi ya nazi na ndoo za maji, wala hawafanyi zoezi hata moja. Baada ya miezi miwili husema sindano ilikuwa ya uongo. Sindano huzima uvimbe. Mfuko uliosinyaa hunyooshwa kwa kunyooshwa.

Neno steroidi liliwatisha jamaa. Ami yetu alitupigia simu kutoka Lamu kuuliza iwapo tunataka kumfanya mama yetu mnyanyua vyuma. Steroidi ni jina la ukoo mkubwa wa dawa, na zile za wanyanyua vyuma si hizi. Hizi ni jamaa wa homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo zetu huitengeneza kila siku. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni kwa mara ya kwanza, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Dawa ni njema ikitumiwa kwa kiasi. Ikidungwa mara kwa mara mahali pamoja hudhoofisha kano na gegedu, kwa hiyo madaktari huweka nafasi ya miezi baina ya sindano moja na nyingine, na hawapendi zizidi tatu au nne kwa mwaka katika kiungo kimoja.

Tulipewa siku kumi za kujiandaa. Daktari alitaka kujua dawa zote anazotumia Mama, na alisisitiza hasa zile za kuzuia damu kuganda, kama wafarini. Aliuliza kuhusu mzio, na iwapo amepata homa, jipu au kidonda chochote hivi karibuni, kwa sababu hadungi kiungo mwili ukiwa na maambukizo. Aliuliza kama anatarajia upasuaji au chanjo. Kisha akaagiza kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Kilisoma asilimia 7.8, akasema ataendelea; lau kingalikuwa juu sana angetaka kwanza sukari itengenezwe. Kwa dada zetu wenye mimba au wanaonyonyesha, hilo nalo ni la kusemwa kabla ya sindano, hata kama hamkuulizwa.

Swali lake la mwisho lilikuwa, "Ramadhani inaingia lini?" Ilikuwa mwanzo wa Shaabani. Akaipanga sindano mapema, ili siku ambazo sukari ingepanda zipite kabla ya mwezi wa saumu. Mama alitaka kujua: na lau ingekuwa Ramadhani, ingefunguza? Ustadh wetu wa madrasa alitukumbusha kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 huko Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za ngozini, za misuli au za mishipa ya damu hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Na kuhusu kujidunga kidole ili kupima sukari, jambo ambalo bado linawafanya wagonjwa wengi wafunge bila ya kujipima, alijibu kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani twayafuata, kuumika hakufunguzi, seuze tone moja la damu. Wanaojificha na mashine zao za sukari mchana wa Ramadhani na walijue hilo.

Jambo la stara nalo lilimwelemea Mama kuliko sindano yenyewe. Daktari alikuwa mwanamume, na wa kike wa fani hiyo hakupatikana karibu. Tulimvisha dera la shingo pana, na juu yake leso mbili: moja imefungwa kifuani na kupitishwa chini ya kwapa, ya pili imefunika kichwa na bega la kushoto. Likabaki wazi bega la kulia tu, upana wa kiganja. Mmoja wetu aliingia naye, na muuguzi wa kike alikuwapo muda wote. Tuliyaeleza haya kwa upole kabla ya siku yenyewe, na hospitali haikuona taabu yoyote. Ni vyema kuyasema mapema kuliko kuanza kuvutana mlangoni.

Hakutakiwa kufunga siku hiyo. Alikula mkate wa mofa na maharagwe, akameza dawa zake zote kama kawaida. Sindano yenyewe haikumaliza dakika tano. Ngozi ilisafishwa kwa dawa mara mbili, daktari akapapasa nyuma ya bega mpaka akapata mahali pake, akaingiza dawa miligramu 40 iliyochanganywa na ganzi. Mama alikuwa akisoma kimoyomoyo. Tulijua kwa midomo. Baadaye alisema aliisikia dawa ikiingia, nzito, kama mtu anayejaza maji katika kiriba kilichojaa. Tukaambiwa tusubiri nusu saa, isije ikawa mwili umeikataa dawa. Kisha tukapanda tuktuk, yeye akiwa katikati yetu ili mashimo ya barabara yasimgonge.

Njiani aliinua mkono, akatutazama. "Umepona!" akasema. Mke wa kaka yetu akaushusha mkono taratibu na kuurudisha pajani. Ile ilikuwa ganzi. Kwa saa chache baada ya sindano bega halina habari, na asiyeonywa hufika nyumbani akabeba mtungi. Tulikuwa tumekwisha kuonywa, kwa hiyo mbuzi ya nazi ilikuwa juu ya kabati tangu asubuhi, mahali ambapo mkono wake haukuweza kufika, ganzi au bila ganzi. Alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku wa kwanza hakucheka. Ganzi ilipotoka, maumivu yalirudi na kuzidi yale ya awali. Daktari alikuwa ametwambia kwamba hilo huwapata baadhi ya wagonjwa, nalo hudumu siku moja au mbili tu. Tulimwekea barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 10 kwa wakati mmoja, kamwe si juu ya ngozi tupu. Alimeza panadoli alizoandikiwa. Alilala akiwa ameegemezwa mito, mto mwingine chini ya kiwiko. Uso ulimwiva, wekundu wa mashavuni kama wa mtu aliyetoka jikoni, na usingizi ulimkimbia hadi adhana ya alfajiri. Hayo yote ni katika matendo ya dawa hiyo. Ambayo si ya dawa, na ambayo hayangojewi mpaka asubuhi, ni homa, au bega kuwa jekundu, la moto na lenye kuvimba huku maumivu yakizidi siku baada ya siku. Hiyo huwa ni dalili ya maambukizo ndani ya kiungo. Ni nadra, lakini hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Maumivu yalituchosha, lakini sukari ndiyo iliyotutia hofu. Asubuhi ya sindano mashine ilisoma 7.9. Jioni ile 12.6. Jioni ya pili ikasoma 18.1. Mama alikuwa akinywa maji gilasi baada ya gilasi na kusema ni joto la Mombasa. Tulikuwa tumeagizwa tumpime mara nne kwa siku kwa muda wa wiki nzima, na tuliandika kila kipimo katika daftari la mjukuu, kurasa za nyuma. Tulipewa pia mipaka: ikifika 20, au ikiwa juu ya 15 pamoja na kutapika, kuchanganyikiwa au usingizi mzito usio wa kawaida, tusingoje. Saa tatu za usiku tulimpigia daktari. Alibadilisha kipimo cha dawa ya sukari kwa siku nne, akatusomea namba polepole, nasi tukamsomea tena ili kuhakikisha. Tusingethubutu kubadilisha wenyewe. Usiku ule tulilala kwa zamu. Kila baada ya saa mbili mmoja wetu alimwamsha, akamwuliza jina la mjukuu wake mdogo, na Mama akajibu, kila mara kwa hasira zaidi.

Siku ya tatu ilisoma 15.4. Ya tano, 10.2. Ya nane akarudi palepale alipokuwa, na dawa ya sukari ikarudi kwenye kipimo chake cha zamani. Twafikiria mara nyingi ile kliniki ya kwanza. Mama angalidungwa Alasiri, akarudi nyumbani bila ya mashine, bila ya daftari, na sisi sote tukaamini kwamba ile kiu ni joto.

Tukiwa hapa, liko jambo la wanawake ambalo halikutupata sisi, lakini lilimpata jirani yetu aliyedungwa dawa kama hiyo mgongoni. Steroidi huweza kuvuruga ada ya mwezi: damu ikatangulia, ikachelewa, au ikatoka katikati ya tohara. Hata aliyekwisha kukatikiwa na hedhi huweza kuona matone. Jirani alikaa wiki mbili haswali, hajui ile ni hedhi au istihadha, akaona haya kumwuliza daktari na akaona haya zaidi kumwuliza sheikh. Atakayeona damu isiyo ya ada yake baada ya sindano na amweleze daktari kwamba alidungwa, na amwulize mwanachuoni, au mke wa mwanachuoni, hukumu ya swala zake. Na aliyekatikiwa na hedhi akaona damu, achunguzwe hospitali kwa hali yoyote ile, asiisingizie sindano kisha akanyamaza. Pia huenda ngozi pale ilipoingia sindano ikapauka au ikabonyea kidogo. Kwa ngozi zetu hilo huonekana zaidi, na aghalabu hujirudia polepole.

Siku mbili za kwanza bega lilipumzishwa. Kisha ndipo kazi ilipoanza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada mpole wa maneno na mkali wa hesabu. Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi hata Mama akaliona la kitoto: kuinama kidogo, mkono wa kushoto ukiegemea meza, wa kulia ukaachwa uning'inie kama ndoo katika kamba ya kisima, kisha uzungushwe duara dogo kwa uzito wake mwenyewe. Zoezi la pili ni la ukutani. Vidole hutambaa juu, kimoja baada ya kimoja, kama kaa apandaye mwamba, mpaka pale panapovuta. Hapo hukaa kwa kuhesabu hadi 20, kisha hushuka kwa kutambaa vivyo hivyo, si kwa kuangushwa. Tuliweka alama ya penseli kila Ijumaa pale vidole vilipofikia. Zoezi la tatu la mwiko mrefu wa pilau: kuushika kwa mikono miwili, viwiko mbavuni, na mkono mzima kuusukuma mgonjwa kwa nje. La nne liliongezwa baada ya wiki tatu, leso iliyosokotwa, ncha moja juu ya bega na nyingine kiunoni kwa nyuma, kama mtu anayejisugua mgongo. Hili alilichukia. Ndilo ambalo siku moja litamwezesha kufunga tena vifungo vya nguo yake bila ya kumwita mtu.

Kanuni tuliyopewa ni kwamba kuvuta kunaruhusiwa, na maumivu makali hayaruhusiwi. Kama bega bado linalalamika saa moja baada ya zoezi, kesho yake hupunguzwa. Mara tatu kwa siku, muda mfupi mfupi. Mama aliyafungamanisha na swala ili asisahau: baada ya Adhuhuri, baada ya Alasiri na baada ya Isha. Katika swala yenyewe, Ustadh alimtuliza kwamba kunyanyua mikono ni sunna, ainue kadiri aweza na mwingine ubaki pale ulipofika, na katika sijida aweke viganja kadiri ya uwezo wake. Alikuwa amekaa miezi akidhani takbira yake ni pungufu.

Lililokuwa gumu zaidi katika matibabu haya ni kumfanya mwanamke akae. Nazi ilinunuliwa Marikiti ikiwa imekwisha kunwa. Kaka yetu, aliyezoea kudai tui la nazi ya nyumbani tu, alikula wiki sita bila ya kutambua tofauti, nasi tumemwachia alijue kwa kusoma hapa. Alijifunza kufua na kuanika mapazia. Majirani walipoona mwanamume anaanika mapazia uchochoroni walikuja kuuliza kama Mama ni mgonjwa sana. Twaona, na tutalisema wazi, kwamba maradhi haya yangefichwa kidogo zaidi kama kazi za nyumba zisingemwangukia mtu mmoja pindi tu anaposema ameumwa. Mwanamke hunyamaza kwa kuwa anajua hakuna wa kumpokea mzigo.

Ramadhani iliingia wiki tatu baada ya sindano. Alifunga, kwa ruhusa na ratiba ya daktari wake wa sukari. Katika kumi la kati mlango ulibishwa. Alikuwa mama wa jirani wa nyumba ya nne, mtu aliyemjua tangu utotoni. Mama alivaa buibui, akatutazama, akasema, "Twendeni sote."

Alikaa juu ya kigoda upande wa kichwa. Alitoa maelekezo kwa sauti ndogo, na wawili katika sisi, pamoja na mabinti wawili wa mtaani aliowaita mwenyewe, ndio walioinua na kugeuza. Maji aliyamwaga yeye kwa mkono wa kushoto. Ulipofika mwosho wa mwisho akaomba kafuri, na hiyo aliitia kwa mkono wa kulia, ulifika. Tulipomaliza alituuliza kila mmoja aeleze tangu mwanzo alichokifanya na kwa nini, palepale ukumbini, ilhali wafiwa wakisubiri kukafini. Tangu siku hiyo mabinti wale wawili huja kila Jumapili baada ya Alasiri kujifunza, na mmoja wao ndiye aliyeitwa mara mbili katika Shawwal.

Alama za penseli ukutani sasa ni tisa. Ya juu kabisa iko shubiri moja chini ya ile ya mkono wa kushoto. Usiku analala ubavu wa kulia bila ya kuamka, ingawa mbuzi ya nazi bado iko juu ya kabati. Daktari hajaona haja ya sindano ya pili.

Alituambia pia kwamba kwa wenye kisukari bega la pili huweza kufuata la kwanza. Juzi, akivua buibui, Mama alisita upande wa kushoto, akatusemea hapo hapo. Miadi yake ni Jumatatu.